Mgongo wa Bi Mize

Siku ya kuondoka kazini nilirudisha funguo mbili: ya kabati la plasta na ya chumba cha hadubini. Ya tatu, ya choo cha wafanyakazi, nimebaki nayo. Anayeitaka aje Michenzani tupatane.

Nyinyi mnaoanza masomo ya uzamili ya ngozi mmeniomba niandike. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vyangu vingi vilikuwa kiti kilekile kilichohamishwa chumba, na mishahara mnaijua, maana ndiyo hiyohiyo mnayoilalamikia. Nitaandika nilivyoanza, na nitaandika kazi ya Chwaka, kwa sababu kila mwaka huja mwanafunzi mmoja na tasnifu yangu mkononi, ameweka kidole kwenye sentensi inayosema kwamba vipimo "vilipangwa kwa kufuata ratiba ya washiriki," akaniuliza: ratiba gani hiyo, Bi Naidi? Huwa nnamwambia akanywe chai. Leo nimestaafu, ntasema.

Mimi nimekulia dukani. Baba aliuza vitambaa Darajani, na kazi yangu tangu utotoni ilikuwa kupima tena kitambaa alichokwishapima yeye. Hakumwamini mteja, hakumwamini aliyemletea mzigo, na ikifika magharibi hakujiamini hata mwenyewe. Pia alinifundisha kufumba macho na kupitisha kidole juu ya nguo ili nijue kama pamba ni pamba kweli au imechanganywa. Nilidhani najifunza biashara. Kumbe nilikuwa najifunza ngozi.

Nilipoingia kliniki ya ngozi mjini nilikuwa tabibu mpya mwenye koti jeupe lililonizidi mikono. Kliniki ilikuwa chini ya Dokta Rukia, mwanamke mdogo wa umbo mwenye sauti ya kuuzia samaki. Siku ya kwanza alinipa lenzi ya mkononi, akanionesha kigoda.

"Kaa hapo. Usimuulize mtu kitu. Tazama."

Nilitazama mpaka alasiri. Mabenchi yalipokaribia kuwa matupu akaniuliza nimeona nini. Nikasema nimeona upele.

"Upele hata dereva wa gari la wagonjwa anauona. Mie nnakuuliza umeona nini."

Akamwita mzee wa mwisho aliyebaki, akauweka mkono wake juu ya meza.

"Vitabu vyako vinakwambia tafuta wekundu. Ukingojea wekundu kwenye ngozi kama hii yetu, utazeeka umekaa hapo. Fumba macho, pitisha kidole."

Nilifumba, nikapitisha. Na pale, chini ya kiwiko, nikaukuta ukingo, kama mshono uliofichwa ndani ya pindo. Nikasema, "Hapa." Dokta Rukia akamwambia mzee, "Huyu atafaa, lakini usimwambie." Nilikuwa nimekaa baina yao.

Baada ya miaka kadhaa ya kugawa marhamu, yeye ndiye aliyenisukuma niende bara kusoma shahada ya uzamili ya sayansi ya ngozi. "Umeshajua kutibu," alisema, "sasa kajue unatibu nini." Msimamizi wangu kule alikuwa Profesa Kileo, mtu mrefu wa milimani, mwenye maneno machache kama vile anayanunua kwa rejareja. Siku ya kwanza maabara alinikalisha mbele ya mashine ya kukatia vipande vya ngozi vilivyogandishwa ndani ya nta. Kipande kinatakiwa kiwe chembamba mpaka mwanga upite. Vyangu vilijikunja vyote. Profesa akaviinamia.

"Bi Naidi, kwenu mnauza nini?"

"Viungo, Profesa. Na vitambaa."

"Nimeona. Hii ni midalasini. Rudia."

Nilirudia wiki mbili. Nilipopata kipande kilicholala vizuri, nikakipaka rangi, nikakiweka chini ya hadubini, ndipo nilipopata starehe ambayo haijanitoka mpaka leo. Nikaweka ngozi ya Mzungu kwa upande mmoja na ngozi kama yangu kwa upande wa pili, nikahesabu seli zinazotengeneza rangi. Idadi ikakaribiana. Sikuamini, nikahesabu tena. Ikakaribiana tena. Watengenezaji ni walewale. Tofauti ni ukubwa wa punje za rangi wanazozitoa na namna zinavyotawanywa. Baba angesema maduka ni mamoja, mzigo ndio mbalimbali. Nilicheka peke yangu mle chumbani, na Profesa akaniuliza kama nnaumwa.

Sasa Chwaka.

Nilikuwa likizoni nyumbani, nnamsaidia Dokta Rukia kliniki huku nnatafuta mada ya tasnifu. Akaingia mama mmoja, Bi Kazija wa Chwaka, amemshika mwanawe kwa kiwiko kama anayeshika chungu cha moto. Mwanawe, Mwaka, alikuwa ametoka fungate juzi. Akafungua kanga aliyojifunika mikono. Maua yote aliyochorwa kwa piko siku ya harusi yalikuwa yameinuka. Kila jani, kila kikonyo, limekuwa lengelenge lililojaa maji. Ungeweza kuusoma mchoro kwa kidole, gizani.

Kwa msiokulia hapa: hina ni jani, ikikolea ni nyekundu. Piko ni ule weusi wanaoupenda mabibi harusi, na siku hizo wachoraji wengi walikuwa wameshaacha ya kienyeji, wanakoroga poda nyeusi ya kupakia nywele inayouzwa dukani.

"Nani kamchora?" akauliza Dokta Rukia.

"Mize wa Michenzani," akasema Bi Kazija. "Na nnajua kwa nini. Alimtaka huyu bwana kwa mwanawe, hakumpata. Ule mkono una hasadi, dokta. Kila jani alilolichora kalisemea neno."

Bi Mize nilikuwa nnamjua. Alikaa jengo langu, ngazi ya tatu kutoka yangu, mjane, na uchoraji ndio uliokuwa ukiiweka nyumba yake. Wiki ile ile aliniita kutoka dirishani.

"Naidi!"

"Naam, Bi Mize. Shikamoo."

"Marahaba. Panda."

Nikapanda. Alikuwa amekaa sakafuni, makopo yake yamepangwa mbele yake, hapana mteja. Neno lilikuwa limeshatoka Chwaka likafika Uroa, limerudi mjini limenenepa. Harusi tatu zilikuwa zimemvunjia ahadi.

"Weye si unasoma mambo ya ngozi huko bara? Nipimie. Waambie kwamba mkono wangu hauna kitu."

"Mkono hatuna kipimo chake, Bi Mize. Nnaweza kupima poda."

"Poda haina neno. Nnaitumia miaka."

"Ikionekana ina neno?"

Akanitazama. "Basi si mkono."

"Na piko utaiacha?"

"Ah! Mie nimekuita unisafishie jina, weye wataka kunifungia duka." Tukavutana mpaka chai ikapoa. Mwisho tukakubaliana: nitapima, na matokeo ataambiwa yeye kwanza kabla ya mtu yeyote, yawe mazuri au mabaya. Nikashuka ngazi na kopo lake la poda kwenye mkoba.

Kesho yake nilikwenda Chwaka kuzungumza na Bi Kazija, kwa sababu nilihitaji wanawake wa kupima na yeye ndiye aliyekuwa na sauti pale kijijini kwao. Yeye naye alitaka kipimo, lakini kwa sababu yake: poda ikionekana haina kitu, basi mkono umeshikwa. Hivyo nikawa na watu wawili wanaotaka kazi moja kwa nia mbili zinazogombana. Kwa mtoto wa dukani hiyo ni hali nzuri. Wateja wawili wakigombea kitambaa kimoja, wewe hukai bila kazi.

Profesa Kileo aliikubali mada. Akanipa plasta, na akaniambia hapana nyingine zitakazokuja. Nizielezee kidogo. Kila plasta ina vikombe vidogo vya bati. Kwenye kimoja unaweka hina safi, kwenye kimoja ile kemikali ya weusi iliyomo kwenye poda ya Bi Mize, kwa kiasi cha kupimia, na kimoja ni vaselini tupu, ndicho tunachokiita kikombe kitupu. Unaibandika mgongoni. Baada ya siku mbili unaibandua na kusoma, baada ya nne unasoma tena. Ngozi iliyokwisha kuikataa kemikali itainuka chini ya kikombe chake tu.

"Nataka migongo thelathini iliyokamilika," alisema Profesa. "Na kikombe kitupu kisiseme kitu. Kikombe kitupu kikisema, plasta nzima haina ushahidi."

Alisema kwenye kasha mna plasta arobaini na mbili. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Arobaini na tatu. Sikumwambia. Nyumbani kwetu kitambaa kilichozidi hakirudi bohari.

Kundi la kwanza lilikuwa la wanawake kumi na wawili, ukumbini kwa Bi Kazija. Nikawabandika, nikawaambia, kwa Kiswahili safi kabisa, wasiuloweshe mgongo mpaka nirudi keshokutwa. Wakaitikia wote. Nikarudi mjini nimefurahi.

Siku ya kusoma, sikuwa nimefika hata mlangoni nikasikia harufu. Udi, asumini, mawaridi, na juu yake mafuta mazito ya miski. Nikadhani pana harusi. Nikaingia, hapana harusi. Ni washiriki wangu, wamekaa wananingojea, wananukia kama duka zima la marashi limeanguka.

Nikabandua plasta ya kwanza. Mgongo mzima umevimba vipele: kikombe cha weusi, kikombe cha hina, kikombe kitupu, na hata pale pasipo na kikombe. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu imeshajibandua yenyewe, imeshikwa na pini kwenye kanga.

"Mmejipaka nini?"

Wakatazamana. Mmoja, Bi Kazija mwenyewe, akasema, "Ulisema tusiloweshe mgongo."

"Naam."

"Basi hatukuoga."

"Hata kidogo?"

"Mtu ataogaje bila mgongo? Siku mbili bila kuoga, na mume yumo ndani! Ulituambia tusioge, Naidi, hukutuambia tunuke."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwaka akasema yeye alijifukiza udi chini ya kanga asubuhi, mchana na jioni, na mama yake akampaka asumini mgongoni kwa mkono wake mwenyewe, akiizunguka plasta kwa uangalifu mkubwa. Nilicheka nao; ningefanya nini? Kisha nikakaa chini, nikahesabu kilichobaki kwenye kasha. Thelathini na moja. Profesa anataka migongo thelathini. Nikiharibu tena kundi moja, tasnifu imekwisha, na Bi Mize anabaki na mkono wenye hasadi mpaka anakufa.

Vijana, hapa ndipo mnapotakiwa mkae vizuri. Kitabu chenye maelekezo ya kipimo kimeandikwa na watu ambao siku mbili bila kuoga kwao ni siku mbili tu. Hakikuwafikiria wanawake hawa, na hakukuwa na maana ya kuwagombeza. Tukafungua mnada palepale.

Mimi: mgongo wangu, mengine yote yenu. Wao: shingo? Nikawapa shingo kwa mbele. Udi? Kwenye nguo, nguo ikiwa imetundikwa, si mtu yumo ndani yake. Asumini? Nywele tu. Kuoga: mtu ainame, ajimwagie kwa mbele kwa kata, mwenzake amshikie taulo kavu nyuma. Wakakubali kila kitu, halafu wakanyamaza kwa namna ambayo dukani nilikuwa nnaijua. Mteja amekubali bei lakini hatoi mkono mfukoni.

"Bado nini?" nikauliza.

Mwaka akatazama mkeka. "Na koga janaba, je?"

Hapo nikatia akili. Koga ya twahara haina mgongo wa kusamehewa; maji lazima yafike kila mahali. Mwenye mume hawezi kuahidi siku nne mgongo mkavu, na mimi sina uso wa kwenda kupatana na waume. Nikafikiri, nikafikiri tena. Kisha nikasema, kwa sauti ya chini maana mlango ulikuwa wazi, "Kwani kila mwezi si mnazo siku ambazo hamsali, na mume anajua hana lake?"

Wakanitazama. Bi Kazija akapiga paja. "Lo! Huyu kweli mtoto wa dukani."

Ndiyo hiyo, ile ratiba. Kila mwanamke alipimwa siku zake zinapoingia. Hazimkuti na koga ya lazima katikati, na mume hamsogelei. Dawa hii haimo kwenye kitabu chochote, na ubaya wake ni kwamba wanawake thelathini hawaingii siku moja. Kazi ya wiki mbili ikawa ya miezi. Bi Kazija ndiye aliyekusanya habari za Chwaka na Uroa, na kwa kuwa simu yake aliipiga dukani mbele ya wanaume, tukawa na lugha yetu.

"Naidi, ndizi mbili zimeiva."

"Nnakuja."

"Na moja Uroa, ya keshokutwa, lakini hiyo haina uhakika, mwenyewe hajui kuhesabu."

Profesa Kileo akapiga simu kutoka bara. Alitaka kujua kwa nini vipimo vinakuja kimoja, viwili, tena wiki hapana kitu, tena vinne. Kwa nini sina mpango? Nikamwambia mpango upo. Akasema aelezwe. Nikamweleza.

"Bi Naidi."

"Naam, Profesa."

"Siku hizo zinaweza kuibadilisha ngozi kidogo. Utaliandika hilo kwenye mapungufu."

"Nimeshaliandika."

Akakohoa. "Na kuhusu mpango, andika: vilipangwa kwa kufuata ratiba ya washiriki."

Basi. Sasa mnajua.

Nikasoma migongo thelathini. Nilisoma kwa tochi iliyolazwa pembeni, kisha kwa kidole, macho yamefumbwa, kama nilivyofundishwa. Vikombe vitupu havikusema neno. Hina haikusema neno. Kikombe cha weusi kiliinua ngozi za wanawake kadhaa. Hesabu zimo kwenye tasnifu, someni huko. Mwaka, ambaye mikono yake ilikuwa imeshapona, alikuwa miongoni mwao, na wake uliinuka kuliko wote.

Kwa ahadi yangu, nikampelekea Bi Mize kwanza. Alisikiliza, akashusha pumzi. "Basi si mkono." Siku ya pili nikampelekea Bi Kazija. Yeye hakushusha pumzi.

"Nimekusikia. Poda ndiyo mbaya. Na aliyeichagua poda ni nani? Si mkono uleule? Alijua, Naidi. Miaka yote anaitumia, hakujua?"

Nilirudi mjini mikono mitupu. Sayansi yangu ilikuwa imejibu swali langu, la Bi Kazija ikaliacha pale pale. Kipimo kinachoonesha kwamba mtu hakujua, hakuna.

Nikapanda kwa Bi Mize kumwambia. Akanimiminia chai, akaniletea kikombe. Na mimi, niliyepita mlango ule mara nyingi nikitazama makopo, ndipo nilipotazama vidole. Alikishika kikombe kwa viganja, ncha za vidole zimenyanyuliwa. Nikamwomba mkono. Ngozi ya ncha zote ilikuwa ngumu, imepasuka mistari.

"Hii tangu lini?"

"Ah, hiyo sabuni. Kila siku nnafua."

"Mkono gani unashikia kijiti cha kuchorea?"

"Wa kulia."

"Na kufua unafua kwa mkono mmoja?" Wa kushoto ulikuwa laini kama wa bibi harusi.

Nikamwambia mkobani mna plasta moja iliyobaki. Akaniangalia kwa jicho la mtu anayejua bei ya kitu.

"Sikiliza, Naidi. Ukinipima nikaonekana mzima, Kazija atasema nini? Atasema, mnaona? Yeye haimdhuru, anajua dawa yake. Hapo nimejimaliza kwa mgongo wangu mwenyewe."

Alisema kweli. "Nnaweza kukosea," nikasema. "Ukikataa, mimi nnabaki na plasta, weye unabaki na jina ulilonalo sasa."

Akanywa chai yote. Akaondosha kikombe. Kisha akageuka, akateremsha kanga begani. "Bandika. Na usiniwekee ndizi yoyote, mie hizo nshamaliza zamani."

Siku ya pili yake, mchana, dirisha likafunguka.

"Naidi! Njoo unitoe hichi kidude, mgongo unawaka!"

"Bado siku moja, Bi Mize!"

"Nusu!"

"Moja!"

"Mpaka magharibi basi!"

Watu waliokuwa chini walidhani tunauziana samaki. Tukakubaliana alfajiri, mara baada ya sala. Nikabandua, nikafumba macho, nikapitisha kidole. Vaselini, tambarare. Hina, tambarare. Halafu kidole kikapanda. Nikafumbua macho. Chini ya kikombe cha weusi palikuwa na duara la malengelenge, limejaa, limejikaza. Katika migongo yote thelathini na mmoja sikuwa nimeona linalolingana nalo.

"Hee, sema," akasema bila kugeuka. "Ni nini?"

"Bi Mize, kesho tunakwenda Chwaka."

Bi Kazija alimwona mlangoni akasimama. Ukumbini walikuwamo wengi wa washiriki wangu, maana nilikuwa nimeahidi kuwasomea matokeo. Hapana aliyesema karibu. Bi Mize hakungoja kukaribishwa. Aliingia mpaka katikati ya mkeka, akawapa mgongo, akaiacha kanga ishuke.

"Njooni mtazame. Alienibandika huyo hapo, na vikombe ni vilevile vyenu."

Hawakusogea. Aliyenyanyuka ni Mwaka. Akaja, akafumba macho kama alivyoniona mimi nikifanya, akapitisha kidole. Akakivuta haraka.

"Mama," akasema, "kama yangu. Kubwa kuliko yangu."

Bi Mize akanyoosha na mkono wa kulia, vidole vimepasuka, akausogeza mbele ya uso wa Bi Kazija. "Miaka yote nnakishika kile kitu kwa hivi. Nikasema sabuni. Kama nilijua, Kazija, na kama ni hasadi, basi wa kwanza niliyemhusudu ni mie mwenyewe."

Bi Kazija akautazama ule mkono. Akautazama mgongo. Nilimwona anahesabu, na nadhani alihesabu mara mbili.

"Umekula?" akauliza.

"Bado."

"Basi unasimamia nini mgongo wazi kama mtoto? Jifunike, uje ule."

Hapo kazi yangu ilikwisha. Kutetea tasnifu mbele ya watahini kulikuwa kitu chepesi baada ya ukumbi ule. Mmoja aliuliza kuhusu sentensi ya ratiba. Profesa Kileo akakohoa, na swali likapita.

Mengine ya miaka iliyofuata ni marefu na hayana haraka. Niliwafundisha wanafunzi kukata vipande visijikunje, nikawafundisha kufumba macho, nikawagombeza kwa kuandika "wekundu" kwenye ngozi ambayo haikuwa na wekundu. Bi Mize aliacha piko, akabaki na hina. Vidole vyake vilipona kwa mwaka mzima wa marhamu na glavu. Alipoteza wateja wanaotaka weusi, akapata wengine, na Chwaka walimrudia wote. Pale palipokuwa na malengelenge mgongoni pakabaki doa jeusi, kama inavyofanya ngozi yetu ikishaumia. Nilikuwa nnampima lile doa kila nikipanda kwake, kwa rula, mpaka likafifia, likaisha.

Mwezi uliopita aliolewa binti wa Mwaka. Nilialikwa, na sasa nina muda wa kualikwa. Bi Mize, mkongwe, glavu mkononi, miwani ya kamba, alikuwa anamchora bibi harusi kwa hina. Mtoto akavuta mkono. Alikuwa na picha kwenye simu.

"Bibi, mie nnataka nyeusi. Kama hii. Hii yako itakuwa nyekundu."

"Itakolea."

"Lakini si nyeusi!"

Bi Mize akaweka kijiti chini. "Unaitaka nyeusi? Nyeusi iko mgongoni mwangu tangu hujazaliwa. Muulize mama yako, aliigusa kwa kidole chake. Nikuoneshe?" Akashika pindo la kanga begani.

Mtoto akamtazama mama yake. Mwaka akaitikia kwa kichwa taratibu, uso mzito kabisa, akajikuna nyuma ya kiganja pale maua yalipokuwa. Mtoto akaurudisha mkono juu ya mto.

"Basi, bibi. Hina."

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya Bi Mize, na mgongo wake nnaujua kuliko mtu yeyote Unguja. Doa hakuna, nililipima mimi mwenyewe mpaka likafutika. Lakini nimekulia dukani. Bei ikishakubaliwa, mtu wa pembeni hasemi kitu. Nikaomba kahawa.